Kanisa linaloguswa kwa mkono wa kushoto

Sehemu nyingi za kwetu, bundi akilia juu ya paa usiku, mwenye nyumba halali vizuri. Kuna atakayetoka kumfukuza kwa mawe, kuna atakayesoma dua, na hakosekani mzee atakayekaa kimya akihesabu wagonjwa wa ukoo. Mkono wa kushoto nao una kazi zake, na kumpa mtu kitu kwa mkono huo si mojawapo. Sasa chukua mikosi hiyo miwili, uifunge pamoja, uipeleke Dijon, mji mkuu wa kale wa Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Utakuta imegeuka baraka. Ubavuni mwa kanisa la parokia la Notre-Dame, kwenye kijia chembamba kiitwacho Rue de la Chouette, yaani Mtaa wa Bundi, kuna bundi mdogo wa jiwe, urefu wake kama sentimita 30. Wapita njia humpapasa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio ulio karibu na moyo, huku wakinuia jambo. Wamempapasa kwa muda mrefu hata hana tena macho, hana mdomo, hana manyoya. Amebaki kinundu laini kinachong'aa kama kokoto ya ufukweni.

Nimemtanguliza bundi kwa makusudi. Makala kuhusu makanisa ya Kigothi huanza na matao, zikapanda kwenye vioo vya rangi, zikaishia mawinguni. Mimi naona ukitaka kuelewa kwa nini kanisa hili la karne ya 13 lingali limesimama na kutumika, wakati Wafaransa wanabishana juu ya maelfu ya makanisa yanayoelekea kubomoka, uanzie chini, pale mkono unapofika. Uzuri wake peke yake usingeliokoa. Lilipona kwa sababu watu wengi walikuwa na dai juu yake, kila mtu na lake, na mengi ya madai hayo hayahusiani na usanifu. Mengine hayahusiani hata na dini.

Kanisa hili si kathedrali. Kathedrali ni kanisa lenye kiti cha askofu, na Dijon inayo ya kwake, Saint-Bénigne, mwendo mfupi tu kwa miguu. Wala halina undugu na Notre-Dame ya Paris zaidi ya jina. Notre-Dame maana yake Bibi Yetu, yaani Bikira Maria, na Ufaransa imejaa makanisa yenye jina hilo. Kanisa la parokia ni la jirani. Hapo ndipo fundi viatu alipobatiza mtoto, ndipo mjane alipowasha mshumaa, na ndipo mwenye duka alipokwenda kuonekana na wateja wake. Sanamu ya Bikira iliyomo ndani iliwahi kuitwa Notre-Dame de l'Apport, na neno hilo *apport* katika Kifaransa cha kale lilimaanisha soko. Mama wa Sokoni! Hata leo soko kubwa la mji, lile lenye paa la chuma la karne ya 19, liko mtaa wa pili, na mtu anaweza kutoka misani moja kwa moja akaenda kununua jibini.

Ujirani huo umeandikwa kwenye mawe yenyewe. Ujenzi ulianza katika miaka ya 1220, na ilipofika kadiri ya 1250 kazi kubwa ilikuwa imekwisha, ingawa kutabarukiwa kulingoja hadi 1334. Jina la fundi mkuu halikuhifadhiwa. Tatizo alilokabidhiwa lipo hadi leo kwa kila mwenye macho: kiwanja finyu katikati ya mtaa wa watu wengi, nyumba zimebana kila upande, hakuna nafasi ya kutanua miguu. Mtindo wa Kigothi, ukiuondolea mapambo, ni ujanja wa kuupunguzia ukuta kazi. Katika majengo ya kabla yake, ukuta ndio uliobeba dari la mawe, kwa hiyo ulikuwa mnene na madirisha yake yalikuwa matundu. Fundi wa Kigothi aliukusanya uzito wa dari kwenye mbavu za mawe, mbavu zikaushusha kwenye nguzo, na ule msukumo wa kwenda pembeni ukapokewa na matao ya nje yanayolikinga jengo kama mtu anavyozuia mlango kwa bega. Ukuta ukabaki kama pazia, na pazia unaweza kulitoboa utakavyo ili mwanga uingie.

Dijon ujanja huo ulisukumwa mbali kuliko kawaida, kwa kuwa ufinyu haukuruhusu unene. Nguzo ni nyembamba kiasi cha kumtia mtu wasiwasi, na kuta ni nyepesi kuliko unavyotarajia kwa jengo la kimo hicho. Soufflot, msanifu wa karne ya 18 aliyejenga Panthéon ya Paris, alivutiwa nalo sana. Viollet-le-Duc, msanifu ambaye karne ya 19 hakuna jengo la kale la Ufaransa lililokwepa macho yake, alilitaja kuwa kazi bora. Mimi naliona kwanza kama kazi ya mtu aliyepewa kiwanja kibovu na hakulalamika.

Uso wake wa mbele haufanani na picha ya kanisa la Kigothi tuliyozoea, ile ya minara miwili na dirisha la duara katikati. Ni ukuta uliosimama wima na bapa kama kabati la vyombo: chini milango mitatu ndani ya ukumbi wenye kina, juu yake safu mbili za nguzo nyembamba mithili ya vijiti, na kati ya safu hizo na juu yake, wanyama na watu wa kutisha waliochomoza vichwa kuelekea barabarani. Wako 51, safu tatu za 17. Kwa kuwa hakuna uwanja mpana mbele, unaliona vizuri kwa kulijia kupitia Rue Musette, ambapo linazidi kukujia ana kwa ana mpaka shingo ikuume.

Kuhusu wale wanyama, mtawa mmoja wa Kidominiko wa karne hiyohiyo ya 13 aliacha kisa. Mla riba wa Dijon alifika mlangoni siku ya ndoa yake. Juu ya mlango, katika mandhari ya hukumu ya mwisho, palichongwa mla riba wa jiwe na mfuko wake wa fedha. Jiwe likachomoka, likampiga bwana harusi kichwani, akafa papo hapo, harusi ikawa matanga. Wengine husimulia kuwa ni mfuko tu ulioanguka, wengine ni sanamu nzima. Vyovyote iwavyo, sehemu ninayoipenda ni inayofuata: wala riba wenzake wakachanga fedha, na sanamu za mbele zikabomolewa wasije nao wakapata la mwenzao. Mtawa alikisimulia kisa ili watu waogope riba. Ukikisoma leo unaona jambo jingine, kwamba watu wa fedha wa mtaa walijiona wana haki ya kuamua uso wa kanisa uweje, na kwamba waliosikiliza kisa hicho hawakuona ajabu. Kanisa lilikuwa lao pia, kwa ubaya wake.

Kwa hiyo hao 51 unaowapiga picha leo ni akina nani? Ni wa miaka ya 1880. Walichongwa wakati wa ukarabati mkubwa ulioendeshwa kati ya 1865 na 1884 na msanifu Jean-Charles Laisné, kujaza mahali ambapo uso ulikuwa umekaa mtupu miaka zaidi ya 600. Na kwa lugha ya fundi bomba, ni wa uongo: sanamu halisi za aina hii ni mifereji, hutema maji ya mvua mbali na ukuta. Hawa hawatemi kitu. Wamekaa tu wanatisha. Mtalii anawatazama na kusema, tazama Enzi za Kati zilivyokuwa, kumbe anatazama jinsi watu wa wakati wa garimoshi walivyoziota Enzi za Kati.

Ukishuka macho kidogo, mambo yanageuka. Juu ya milango mitatu palikuwa na michongo ya karne ya 13, iliyokuwa fahari ya jengo. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ilipigwa nyundo ikasagwa. Warekebishaji wa karne ya 19, waliokuwa wepesi wa kuongeza vya kwao, hawakuirudisha. Basi una kanisa ambalo sehemu yake inayoonekana kuwa ya kale zaidi ni mpya, na palipokuwa na kazi ya kale kweli pamebaki makovu. Nimewahi kusikia watu wakiuita ukarabati wa namna hii udanganyifu. Siuiti hivyo. Laisné alikuwa anafanya walichofanya wala riba, ila kinyumenyume: kizazi kinachosema hili ni letu, na sisi tunaonelea uso wake uwe hivi. Lakini ningependa paroko au manispaa watundike kibao kidogo mlangoni kinachosema ukweli huo kwa herufi kubwa, kwa sababu makovu yale ya 1794 yana habari nyingi kuliko vichwa vyote 51.

Kulia juu ya uso huo kuna saa, na saa hiyo ni ngawira. Mwezi Novemba 1382 jeshi la mfalme wa Ufaransa liliwashinda watu wa Flanders kwenye vita vya Roosebeke. Mji wa Kortrijk, ambao leo uko Ubelgiji, uliporwa na kuchomwa. Duki wa Bourgogne, Philippe aliyeitwa Jasiri, akaing'oa saa ya mnara wa mji huo, yenye mtu wa chuma anayegonga kengele kwa nyundo, akawapa watu wake wa Dijon kama zawadi. Akaitwa Jacquemart. Angalia alipowekwa: duki hakuipeleka ikulu kwake, iliwekwa juu ya kanisa la sokoni, pale wafanyabiashara wangeisikia. Tangu hapo Notre-Dame ikawa inatoa huduma ambayo mtu asiyesali, Mprotestanti, Myahudi au mlevi, aliihitaji sawasawa na padre. Ilikuwa inawaambia ni saa ngapi.

Kisha watu wa mji wakaanza kumwonea huruma. Mwanamume mzima, usiku na mchana juu ya paa, peke yake! Mwaka 1651 wakamwoza: akaongezwa mke, Jacqueline. Miongo ikapita, wakaanza kunong'ona kuhusu uzazi, kama majirani wa popote pale. Mwaka 1714 akapatikana mtoto wa kiume, Jacquelinet, na 1884, sherehe za ukarabati zikiwa zimepamba moto, binti, Jacquelinette. Wazazi hugonga saa, watoto hugonga robo. Kutoka harusi hadi kifunguamimba miaka 63, kutoka kifunguamimba hadi kitinda mimba miaka 170. Utani huo umevuka ufalme, jamhuri, ufalme tena na jamhuri nyingine, na kila utawala ulioingia ulikuta saa iko, na kuigusa ni kugombana na mji mzima. Sijui kama kuna sheria ya kulinda urithi yenye nguvu kama utani wa watu uliokolea.

Ndani, Bikira wa Sokoni amebadilishwa jina, sasa ni Notre-Dame de Bon-Espoir, Bibi Yetu wa Tumaini Jema. Ni sanamu ya mti wa karne ya 11 au 12, kati ya sanamu za kale kabisa za Bikira zilizosalia Ufaransa. Amekaa kama anayempakata mtu, lakini mapaja yako matupu. Mtoto alitoweka siku za Mapinduzi. Wenyeji humhesabu miongoni mwa Mabikira Weusi, yaani sanamu za Maria zenye rangi nyeusi. Septemba 1513 Waswisi waliuzingira mji kwa mizinga, na tarehe 11 watu wakamtoa Bikira wakazunguka naye kwa maandamano mitaani. Siku mbili baadaye Waswisi wakakubali kuondoka.

Mwanahistoria atakuambia kwamba gavana La Trémoille alikuwa amewaahidi écu 400,000, sarafu za wakati huo, akatia saini mkataba, na mfalme Louis wa 12 baadaye akakataa kuutambua. Waswisi waliondoka kwa ahadi hewa. Watu wa Dijon walilijua hilo vizuri sana na bado wakamshukuru Bikira, tena sioni kinachopingana hapo. Kama adui amekubali karatasi isiyo na dhamana, muujiza wataka upi mwingine? Halafu ikaja 1944. Mji uko chini ya Wajerumani, jeshi la ukombozi linakaribia, watu wanasali mbele ya sanamu ileile wakiogopa mapigano ya mtaa kwa mtaa. Tarehe 11 Septemba, tarehe ileile ya maandamano ya 1513, Wajerumani walikuwa wameondoka. Zulia la ukutani lililosokotwa katika Gobelins, karakana za mazulia za Paris, kati ya 1946 na 1950 linakumbuka kuokoka kote kuwili, na limetundikwa humo kanisani. Mkomunisti wa Dijon wa mwaka 1944 hakuwa na haja ya kuamini Bikira ili akubali kwamba mahali pale mji wake uliponea.

Nimechukua muda kwenye saa na sanamu kwa sababu vyombo vya habari vya Ufaransa vinapojadili makanisa, mjadala hukimbilia swali moja: nani atalipa? Ni swali la haki, na mzizi wake uko kwenye sheria. Novemba 1789 Mapinduzi yalitaifisha mali ya Kanisa. Tarehe 9 Desemba 1905 sheria ikatenganisha dini na dola, ikataka waumini waunde vyama vya ibada vya kukabidhiwa majengo. Papa Pius wa 10 akakataa. Sheria za 1907 na 1908 zikafunga mgogoro kwa namna ya ajabu inayodumu mpaka leo, isipokuwa Alsace na Moselle, sehemu za mashariki ambazo wakati huo zilikuwa za Ujerumani: kathedrali nyingi ni za serikali kuu, makanisa ya parokia yaliyokuwepo wakati huo ni ya manispaa, na padre na waumini wanayatumia bure, daima. Mwenye nyumba hana ufunguo, mpangaji halipi kodi, na mkataba hauna mwisho.

Kwa miaka zaidi ya 100 utaratibu huu umefanya kazi kuliko ulivyostahili. Lakini una neno moja lenye hila. Kuhusu matengenezo, sheria inasema manispaa *zitaweza* kugharamia. Haisemi zitalazimika. Meya asiyetaka anaweza kukunja mikono paa likivuja mwaka baada ya mwaka, ila jiwe likimwangukia mtu, manispaa ndiyo itakayoburuzwa mahakamani. Wala riba wa karne ya 13 walilimaliza jambo hilo kwa mchango wa fasta. Meya wa kijiji cha watu 300, chenye kanisa la kubeba watu 600, hana wa kuchanga nao.

Makanisa yanayomilikiwa na manispaa ni takriban 40,000. Ripoti ya Seneti ya mwaka 2022 ilitaja makadirio kwamba kati ya 2,500 na 5,000 huenda yakatelekezwa, kuuzwa au kubomolewa kufikia 2030. Weka hesabu hiyo kando ya Notre-Dame ya Paris, ambayo baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019 ilichangiwa takriban yuro milioni 846 na watu na mashirika 340,000 kutoka nchi 150, ikafunguliwa tena Desemba 2024. Kilichoniudhi katika habari ile hakikuwa michango, ilikuwa ni namna ilivyozoesha watu kudhani kwamba makanisa hufa kwa moto mkubwa mbele ya kamera. Mengi hufa kwa mfereji wa bati ulioziba na hakuna wa kupanda kuuzibua.

Septemba 2023 Rais Macron alikwenda Semur-en-Auxois, mji mdogo katika mkoa huohuo wa Dijon wenye kanisa la Kigothi zuri mno ambalo nalo linaitwa Notre-Dame, akatangaza mchango wa taifa kwa makanisa ya miji midogo: lengo yuro milioni 200 kwa miaka minne, na mchangiaji angerudishiwa asilimia 75 katika kodi mpaka kiwango fulani. Ulikuwa mpango mzuri, na kuchagua Semur badala ya Paris kulikuwa na busara. Oktoba 2024 waziri wa utamaduni, Rachida Dati, alipendekeza watalii walipe yuro 5 kuingia Notre-Dame ya Paris ili fedha ziende kwa makanisa mengine. Kanisa Katoliki likapinga, na sheria ya 1905 inasema wazi kuwa kutembelea majengo haya hakutozwi chochote. Naungana na waliopinga, ingawa si kwa sababu yao. Mlango wenye tiketi unawagawa watu mafungu mawili, mtalii na muumini, na kanisa kama la Dijon limeishi kwa wasiotaka kujigawa: anayeingia kukwepa mvua, akawasha mshumaa, akatoka kumgusa bundi.

Fedha za mapaa zinahitajika, sibishi. Ila paa jipya juu ya kanisa linalofungwa kwa kufuli wiki nzima ni kuchelewesha tu. Mapadre wamepungua hata paroko mmoja wa vijijini anasimamia majengo makumi, kama paroko wa kwetu mwenye vigango vingi, tofauti ikiwa kwamba vigango vya kwetu vinajaa na vyake ni vitupu. Abbeville, kaskazini, kanisa la Saint-Jacques lilibomolewa 2013. Lilikuwa la karne ya 19, Kigothi cha kuiga, halikuwa kwenye orodha ya urithi na lilikuwa limekosa matengenezo miaka mingi. Mji huohuo una Saint-Vulfran, Kigothi chenyewe, linalindwa na sheria, na limesimama. Somo ambalo wengi huchukua hapo ni kwamba orodha huokoa. Kweli, orodha husaidia. Notre-Dame ya Dijon imo kwenye orodha ya kwanza kabisa ya kitaifa, ya 1840. Lakini 1840 ilikuta tayari kuna kitu cha kuorodhesha. Kwa miaka 600 kabla yake hakukuwa na ofisi ya urithi, kulikuwa na soko, saa na Bikira.

Kuna hoja dhidi yangu, tena nzito, na ameibeba bundi mwenyewe. Kuguswa kunaokoa, kuguswa kunaua. Jiwe limekwisha kwa vidole. Na usiku mmoja wa Januari 2001 mtu alikuja na nyundo akampiga mpaka akamharibu. Ilikuwa nyundo nyingine katika historia ya kanisa hili, baada ya ile ya 1794. Mji ulihuzunika kama umefiwa. Kwa bahati, nakala ya umbo lake ilikuwa imechukuliwa zamani, akatengenezwa, na kamera za ulinzi zikamkodolea macho. Mwaka huohuo ofisi ya utalii ikatandika njia ya matembezi ya vituo 22, yenye vibao vidogo vya bundi vilivyopachikwa ardhini, na leo bundi yuko hata kwenye nembo ya timu ya mpira. Bundi wa kanisa amekuwa chapa ya biashara. Mtu wa kuhifadhi atasema: mzungushieni kioo, mumalize.

Wasimzungushie. Bundi aliyewekwa kwenye kioo atabaki na sura, na hatakuwa na mtu. Huyu wa sasa hana sura, lakini kijana wa Dijon anayekwenda kufanya mtihani hupita hapo kwanza, bibi yake pia alipita, na manispaa inayopanga bajeti inajua kwamba kuliacha kanisa lile lianguke ni kujitafutia balaa na wapiga kura ambao hawajahudhuria misa tangu walipobatizwa. Hiyo ndiyo bima yake. Haiandikwi kwenye ripoti ya Seneti kwa sababu haina mstari wa kuandikia.

Ukifika, mjie bundi kutoka upande sahihi. Wenyeji husema ukutani hapohapo, karibu naye, kuna joka dogo la jiwe linalomeza nia ya kila anayepita mbele yake akitoka kumpapasa bundi. Ukishanuia, geuka urudi ulikotoka, na ukisikia watoto wa Jacquemart wanagonga robo juu yako, usitazame juu ukajikwaa. Kijia chenyewe ni chembamba na nyuma yako kuna wenzako wanangoja, mikono ya kushoto tayari.